Kwa nini mkrismasi hupukutisha majani kabla ya kuchanua?

Kiangazi kikikolea, mikrismasi mingi ya Dar es Salaam hubaki matawi matupu na maganda marefu meusi yakining'inia. Majirani wanasema mti unakufa kwa kiu, na mpira wa maji unavutwa hadi shinani. Baadaye maua mekundu yanafumuka, na sifa zote zinakwenda kwa mpira wa maji.

Sifa hizo si zake. Asili ya mti huu ni misitu mikavu ya Madagaska, ambako hakuna anayeubebea ndoo, na kupukutisha majani ndiyo namna yake ya kuvuka kiangazi. Kwangua gome la tawi kwa ukucha: chini yake ni kijani kibichi. Kuumwagilia kila siku kunaweza hata kukukosesha maua, kwani penye unyevu mwaka mzima mkrismasi hubaki na majani na kuchanua kwa uchoyo. Urea nyingi nayo huleta majani kuliko maua.

Sasa, maji ya kuchanulia yanatoka wapi ikiwa ardhi bado kavu? Chukulia nyumba yenye tangi linaloingiza maji ya mgao kwa kudondoka. Koki zote zikiwa wazi, kinachoingia kinatoka. Zifunge usiku, na matone yaleyale yatalijaza tangi. Majani ndiyo koki: vitundu vyake hupoteza mvuke mchana kutwa. Yakishaanguka, mizizi inaendelea kuvuta kidogo kidogo, shina linajaa, na machipukizi yanapata cha kuvimbia. Mwaka 1984 watafiti Peter Reich na Rolf Borchert walieleza jinsi mashina ya miti ya Guanacaste, Costa Rica, yaliyosinyaa kiangazi yalivyojaa tena baada ya majani kudondoka, mvua ikiwa bado. Miti hiyo ni ya huko, kwa hiyo kwa mkrismasi tuseme tu kwamba inaelekea kuwa hivyo.

Krismasi yenyewe haihusiki. Miami, Marekani, kaskazini mwa ikweta, mti huuhuu huchanua Mei na Juni, mchana unaporefuka kama unavyorefuka kwetu kuelekea Krismasi, ndiyo maana wapo wanaohisi mti hufuata urefu wa mchana. Ila Dar mchana mrefu na mfupi hupishana kwa chini ya saa moja. Labda mti una macho makali.

Mche mchanga, huo umwagilie bila wasiwasi. Na uupande mbali na nyumba: mizizi yake hutambaa juujuu, na sakafu ya uani huinuka nayo.