Victor Herbert, mpiga selo aliyeingia Marekani kwa mkataba wa mkewe

Kazi yangu ni kupangia bendi ala, yaani mtu ananitumia wimbo kaurekodi kwa mdomo kwenye simu, mi namwandikia tarumbeta wapige nini na besi aingie wapi. Kwa hiyo mtunzi wa muziki wa jukwaani nampima kwa swali moja tu, noti za orkestra kaandika mwenyewe au kaandikiwa? Broadway ya zamani, ule mtaa wa majumba ya maonyesho New York, watunzi wengi walileta melodi na piano, iliyobaki anamalizia mtu ambaye hata kwenye bango hayupo. Victor Herbert, mtunzi wa Marekani, aliandika mwenyewe.

Na alijua anachoandika maana alianzia kwenye kiti cha mpigaji. Kazaliwa 1859, damu ya Ireland, selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu kakaa, kajifunzia Ujerumani, akapiga kwenye orkestra ya kifalme ya Stuttgart hukohuko. 1886 jumba la opera la Metropolitan Opera la New York likamtaka mkewe, Therese Förster, mwimbaji wa soprano, sauti ya juu ya kike, na kwenye dili hilohilo mume akapata kiti cha selo. Jina kubwa lilikuwa la mama bana, baba yuko chini kule mbele ya jukwaa anapiga. 1894 akatoa konchato yake ya pili ya selo, yaani kipande ambacho selo inaongoza na orkestra inaisindikiza, mtunzi wa Kicheki Dvořák akaisikia, haikupita muda naye akaandika ya kwake, ile inayopigwa dunia nzima leo.

Mwaka huohuo akaingia kwenye opereta, yale maigizo mepesi ya kuimba, zikaja Babes in Toyland (1903), The Red Mill (1906), Naughty Marietta (1910). Tafuta March of the Toys, ya kwenye Babes in Toyland, usikilize: tarumbeta zinafungua kama za kuchezea watoto, halafu gwaride lenyewe linaingia na kahuzuni fulani hivi, huwezi kutegemea kwa midoli.

Ila mi kilichonigusa zaidi ni kesi. Mgahawa wa Shanley pale Broadway ulikuwa unawaimbishia wateja wimbo wa opereta yake Sweethearts bila kulipa, utetezi wao eti mlangoni hatutozi kiingilio, watu wanalipia chakula. Mahakama za chini zikawakubalia! 1917 Mahakama ya Juu ya Marekani ikageuza, jaji Holmes akasema muziki nao uko ndani ya kile mteja anacholipia, usingeleta hela wangeuacha. ASCAP, chama cha watunzi alichokianzisha na wenzake 1914, ndo kikapata nguvu ya kudai.

Kuna baa inapiga wimbo niliopanga mimi kila Ijumaa. Nikamsimulia mwenye baa habari ya Shanley mwanzo mwisho, akacheka, akaniletea soda.