John Brown na hesabu za Harpers Ferry

John Brown, Mzungu mtengeneza ngozi aliyezaliwa Connecticut mwaka 1800 na kufilisika mwaka 1842, ni miongoni mwa wapinga utumwa wachache wa Marekani walioshika silaha. Mei 1856, huko Kansas, yeye na wenzake waliwatoa majumbani usiku wanaume watano wa upande wa watetezi wa utumwa, wakawaua kwa panga. Wanaomsifu hupenda kuuruka usiku huo.

Jina lake hata hivyo limekaa Harpers Ferry, mji wa Virginia wakati ule (leo West Virginia), palipokuwa na ghala la silaha la serikali. Akisaidiwa na wafadhili sita wa siri, alilimbikiza bunduki karibu 200 na mikuki 950 katika shamba la kukodi upande wa Maryland. Mikuki ilikuwa ya watumwa watakaojiunga, maana kuishika hakuhitaji mafunzo ya bunduki. Wakishateka ghala, wangepanda milimani na kupokea watoro.

Frederick Douglass, aliyewahi kuwa mtumwa, alikutana naye Chambersburg mwezi Agosti 1859 akamwonya kuwa mji ule ni mtego. Ramani inamuunga mkono: mito Potomac na Shenandoah hukutana pale, vilima vimeuzunguka mji, na anayeshika madaraja ameshika kila kitu.

Usiku wa 16 Oktoba Brown aliingia na watu 18, na ghala likaanguka kwa urahisi. Kuanzia hapo mambo yakaharibika. Wa kwanza kuuawa alikuwa Heyward Shepherd, mchukuzi wa mizigo wa reli, mtu mweusi aliyekuwa huru. Treni ilizuiwa, kisha Brown mwenyewe akairuhusu iendelee. Mbele ya safari habari zikapigwa kwa telegrafu. Badala ya kukimbilia milimani, alikaa na mateka hadi wanamgambo wakafunga madaraja. Asubuhi ya 18 Oktoba askari wa majini chini ya Robert E. Lee, ambaye baadaye angeongoza majeshi ya majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa, walivunja mlango wa banda la zimamoto alimojifungia Brown kwa kuugonga na ngazi.

Watu kumi wa Brown walikufa, wanawe wawili wakiwemo. Yeye alinyongwa 2 Desemba, akiacha karatasi iliyosema uovu wa nchi ile hautasafishika ila kwa damu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini ya Marekani vikaanza Aprili 1861.

Wakubwa wa Virginia walidai hakuna mtumwa aliyejiunga kwa hiari. Osborne Anderson, mmoja wa weusi watano kundini na wa pekee kati yao aliyenusurika, alichapisha ushuhuda wake mwaka 1861. Anaeleza kwamba aliamriwa kushusha mikuki garini na kuwakabidhi weusi waliotoka mashambani.