Kadi ya kale ya besiboli ni nini?

Ni kipande cha karatasi ngumu chenye picha ya mchezaji upande mmoja na, mara nyingi, tangazo la biashara upande wa pili. Kadi hizi zilishika kasi Marekani mwishoni mwa karne ya 19, ndani ya pakiti za sigara. Kazi yake haikuwa sanaa hata kidogo: ilizuia pakiti isipondeke, na ilimrudisha mvutaji dukani kutafuta picha aliyoikosa.

Wakusanyaji wakitaja kadi za kale, aghalabu mawazo huenda kwenye seti ya T206, iliyotolewa kati ya 1909 na 1911 na kampuni ya American Tobacco. T ni ya tumbaku. Chukua kadi ya Honus Wagner, mchezaji wa timu ya mji wa Pittsburgh. Haizidi sentimita 4 kwa 7. Anaonekana kuanzia kifuani, nywele zimegawanywa katikati, na nyuma yake ni rangi ya chungwa tupu: hakuna uwanja, hakuna mashabiki. Wachapaji walianza na picha ya kamera isiyo na rangi, wakaitia rangi kwa lithografia (uchapaji wa kutumia jiwe bapa), rangi moja juu ya nyingine; ukiisogezea kioo cha kukuzia, mashavu yanageuka vidoadoa. Kifuani pameandikwa PITTSBURG, bila h mwishoni. Si kosa la mchapaji, kwani kati ya 1891 na 1911 jina la mji liliandikwa hivyo rasmi.

Wagner alikuwa mtoto wa wahamiaji wa Kijerumani, na utotoni alifanya kazi kwenye migodi ya makaa ya mawe. Kwenye kadi anaonekana kama waziri katika picha ya ofisini. Hapo ndipo ilipo ishara yake, kwa maoni yangu: mtu wa jasho kupewa heshima iliyokuwa ya wakubwa, tena kwa bei ya sigara. Kadi zake zilichapwa chache. Wengine husema hakutaka watoto wanunue tumbaku, wengine husema alitaka alipwe. Mwaka 2022 moja iliuzwa dola milioni 7.25.

Ila heshima hiyo ilikuwa na mipaka. Pekua seti nzima, hutamwona mchezaji mweusi, maana ligi kuu ziliwafungia mlango mpaka Jackie Robinson alipoingia 1947. Kadi yake ya 1952, ya kampuni ya Topps, haikuja na sigara tena, ilikuja na ubani wa kutafuna. Ndiyo kampuni ileile iliyokuwa na chapa ya ubani ya Bazooka, ambao mtoto wa Dar es Salaam huuita bazoka.