Je, wajua kwa nini kamera ya utumbo husubiri wiki sita?

Mjomba wangu huendesha matatu kati ya Kisumu na Busia. Mwaka jana alishikwa na maumivu chini ya tumbo, upande wa kushoto, na homa juu yake. Skani ya CT ikaonyesha daivatikulitisi, yaani uvimbe wa vifuko vidogo vya ukuta wa utumbo mpana, ile isiyo na usaha wala tundu. Daktari alimpa dawa ya maumivu, akamwambia anywe uji mwepesi siku chache, kisha arudi baada ya wiki sita apitishwe kamera. Mkewe hakuelewa: "Kama ugonjwa uko ndani, mbona wasichungulie leo leo?"

Swali lake ni zuri sana. Ukuta wa utumbo mpana ni wa misuli, na mishipa midogo ya damu huupenya ili kuufikia utando wa ndani. Mahali mshipa unapopita, misuli huwa dhaifu. Miaka ikisonga, shinikizo la ndani huusukuma utando utokeze hapo, ukawa kifuko cha milimita 5 hadi 10 hivi. Aliyewahi kukaa kwa fundi wa baiskeli pale Kondele ameshaliona jambo hili: tairi likichanika, tyubu hutokeza papo hapo. Watu wengi wana vifuko hivi na hawajui, maana havidhuru mpaka kimoja kivimbe au kivuje damu.

Sasa fikiria kamera. Ni mpira mrefu unaoingizwa kupitia njia ya haja kubwa, na ili daktari aone, lazima autanue utumbo kwa hewa au gesi ya kaboni dayoksaidi. Fundi gani hujaza upepo kwenye tyubu iliyotokeza? Kifuko hakina misuli ya kukishikilia, na kikiwa kimevimba ni rahisi kutoboka. Kikitoboka, kinyesi humwagika ndani ya tumbo, na mgonjwa aliyekuwa apone nyumbani akajikuta chumba cha upasuaji. Wiki sita hadi nane zikipita, uvimbe umeshatulia. Hapo kamera hutafuta jambo moja kubwa: saratani, kwa sababu kwenye skani utumbo uliovimba na utumbo wenye saratani huweza kufanana.

Mjomba hakupewa hata antibiotiki, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi mkewe. Lakini utafiti uliofanywa Sweden na Iceland kwa wagonjwa 623, ukachapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba kwa ugonjwa wa aina hii dawa hizo haziharakishi kupona. Hiyo ni kwa mtu mwenye nguvu zake. Mwenye kinga dhaifu hutibiwa kwa njia nyingine, na tumbo likiwa gumu kama ubao au homa ikipanda, ni kurudi hospitali usiku huo huo.

Wapo madaktari, hasa Asia Mashariki, ambao wamethubutu kutumia kamera wakati wa uvimbe: huosha kifuko kwa maji na kutoa kijiwe cha kinyesi kilichoziba mdomo wake. Wazo hilo linafanana na tiba ya kidole tumbo kwa kamera ambayo madaktari wa China waliripoti mwaka 2012. Linanivutia, maana linaondoa kizibo chenyewe, ila wagonjwa waliotibiwa hivyo bado ni wachache mno kuifanya iwe tiba ya kawaida. Kifuko kinachovuja damu ni habari nyingine kabisa. Hapo kamera huingia mapema, na mshipa hubanwa kwa klipu ndogo ya chuma.

Daktari Denis Burkitt, ambaye saratani ya taya ya watoto tunayoijua kanda ya ziwa ina jina lake, alifanya kazi Uganda na kuona vifuko hivi ni nadra kwa watu wanaokula vyakula visivyokobolewa. Mwaka 1971, yeye na Neil Painter waliandika kwamba chanzo ni uhaba wa nyuzinyuzi. Leo tunajua umri, unene, sigara na kurithi vimo pia, lakini ugali wa wimbi na mtama bado una nafasi yake.

Mjomba alikuwa ameacha njugu, akiamini punje hukwama vifukoni. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2008, uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 18, haukuona hatari hiyo; waliokula njugu na bisi kwa wingi waliugua kidogo kuliko wengine. Wiki ya saba kamera ilipita salama, haikukuta saratani. Siku hizi akisimama njiani pale Luanda, wauza njugu humjia dirishani kama zamani.