Mikoko Hairudi kwa Kuhesabu Miche

Kila kikundi kinachotaka kurejesha mikoko kandokando ya Ghuba ya Lindi au kule Mikindani huanza na swali lilelile: tunahitaji miche mingapi? Nyuma ya swali hilo ipo imani kwamba popote penye tope na maji ya chumvi mche utashika. Si kweli, na hakuna dhana inayopoteza nguvu za watu kuliko hiyo.

Mikoko huota katika ukanda mwembamba, takriban kuanzia usawa wa wastani wa bahari hadi yanapofika maji ya bamvua, yaani yale yanayojaa kupita siku nyingine. Chini ya hapo mche huzama saa nyingi mno, ukakosa hewa na kufa. Tope tupu linaloonekana maji yakipwa mara nyingi ni tupu kwa sababu hiyo, wala halikusahauliwa na mtu: ndipo ndege wanapolisha na kina mama wanapookota chaza. Tena, kati ya aina zote za mikoko, wapandaji huchagua ile moja iitwayo mkoko hasa, kwa kuwa mbegu yake ndefu huchomekwa kwa urahisi, hata mahali ambapo kwa asili husimama mlilana, aina nyingine ya mikoko, unaotangulia upande wa bahari.

Penye majaruba ya chumvi yaliyoachwa, kosa huwa kubwa zaidi. Mikoko ilikatwa, matuta yakazuia maji, jua likakausha, na chumvi ikajilimbikiza hadi kuushinda hata mchu, aina ya mikoko inayoivumilia kuliko wenzake. Hapo inatakiwa jembe kabla ya mche. Waulizeni wazee mkondo wa zamani ulipita wapi, mtoboe tuta mahali hapo ili maji yaingie na kutoka, kisha msubiri. Ikiwa miti mama ipo jirani, mbegu zitaletwa na maji yenyewe, nanyi mtapanda pale tu zinaposhindwa kufika. Ninajua kwamba tuta lililotobolewa halipendezi katika picha ya uzinduzi.

Wengine husema mikoko huzaa mbu. Mbu hutaga kwenye maji yaliyotuama, na wapo wa malaria wanaostahimili hata maji ya chumvichumvi. Lakini madimbwi hayo aghalabu huyatengeneza sisi kwa kujaza kifusi na kuziba makalavati. Wapo pia wanaodhani mikoko huzuia kimbunga. Hupunguza nguvu ya mawimbi, na kwa kiasi fulani ya upepo, lakini haikizuii. Mafuriko ya mvua hupita.

Mwisho, ufukwe wa mikoko si ardhi isiyo na mwenyewe. Nchini Tanzania mikoko ni msitu wa hifadhi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Kwa hiyo hata tuta lililoachwa lisiguswe kabla ya kuonana na Wakala wa Huduma za Misitu na mwenye leseni ya chumvi, kama bado yupo.