Si Kila Mwanajeshi wa Anga ni Rubani
Imani kwamba kila avaaye sare ya jeshi la anga ni rubani imedumu miaka mingi, ilhali marubani ni sehemu ndogo tu ya jeshi hilo; wengi ni mafundi, waongozaji ndege na walinzi wa kambi. Kabla ndege ya kivita haijaruka, fundi huikagua matairi, mafuta na silaha, kisha hutia saini kumbukumbu za matengenezo, ndipo rubani, ambaye kwa kawaida ni afisa, hupanda. Hapo afisa ndiye aendaye vitani huku fundi akibaki kambini, kinyume cha jeshi la nchi kavu, ambako askari wa vyeo vya chini ndio wengi mstari wa mbele. Kwa wanamaji tofauti hiyo karibu haipo: kombora likiipiga meli, kamanda na mpishi wote wamo.