Kipindi cha kuzoea kazi ya kandarasi ni nini?

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtu wa kandarasi hana hizo siku mbili, maana saa zake zinahesabiwa tangu asubuhi ya kwanza na mteja anazilipia. Shida ni kwamba mara nyingi jembe lenyewe limefungiwa stoo, mwenye ufunguo yuko likizo, na mipaka ya shamba hakuna aliyeionyesha. Kipindi cha kuzoea ni huo muda ulio kati ya kuripoti na kuanza kutoa kazi inayoweza kupokelewa.

Kandarasi inayozungumzwa hapa ni ya mtu binafsi anayeuza ujuzi wake kwa muda au kwa kazi maalumu: mtengeneza programu, mhasibu, mhandisi, mhariri, mchora ramani. Neno mkandarasi huwapeleka wengi kwenye kampuni za ujenzi, lakini fundi mmoja mwenye kompyuta yake naye ni mkandarasi.

Dhana hii huchanganywa sana na mafunzo elekezi. Mafunzo elekezi humwandaa mwajiriwa akae miaka: historia ya taasisi, pensheni, likizo, ngazi za vyeo. Mtu wa kandarasi hana haja na mengi ya hayo, na muda wake haumruhusu. Piga hesabu: kandarasi ya miezi mitatu ina takribani siku 65 za kazi. Wiki mbili za kuzunguka na kusalimiana ni siku 10, yaani kama asilimia 15 ya mkataba mzima. Kwa mkataba wa urefu huo, siku tatu hadi tano zinatosha kabisa, mradi zitumike kuzoea mambo yanayostahili. Nayo ni matatu: ruhusa ya kutumia mifumo ya mteja, mipaka ya kazi, na njia ambayo fedha itapitia. Majina ya watu na mahali pa kunywea chai utayajua tu.

Ruhusa ndiyo inayokula siku nyingi kuliko chochote. Mwajiriwa mpya huingizwa kwenye orodha ya utumishi, na katika taasisi nyingi orodha hiyo ndiyo inayofungua akaunti zake. Wewe humo haumo. Akaunti yako lazima iombwe kwa mkono: msimamizi anaomba, mwenye mfumo anaidhinisha, watu wa TEHAMA wanafungua, na kila mmoja anamsubiri aliye mbele yake. Kwa hiyo angalau siku tano za kazi kabla ya kuanza, mpelekee msimamizi jedwali fupi lenye safu nne: mfumo unaohitajika, kiwango cha ruhusa (kusoma tu au kuandika pia), anayeidhinisha, na tarehe ya kuhitajika. Safu ya tatu usiijaze wewe. Mwachie yeye, maana hapo ndipo atakapogundua kwamba hajui ni nani.

Siku ya kwanza usiridhike na kuona dirisha limefunguka. Jaribu kila mfumo mpaka mwisho: ingia, fungua faili, andika faili la majaribio, lihifadhi, lifute. Makosa ya kawaida hujitokeza hapo hapo. Akaunti imepewa ruhusa ya kusoma peke yake. Jina limeandikwa tofauti na lilivyo kwenye kitambulisho, hivyo kadi ya mlango inakataa. Tarehe ya kufungwa kwa akaunti imewekwa mwisho wa mwezi huu ilhali mkataba ni wa miezi mitatu, na hilo hutaliona mpaka asubuhi utakapofungiwa nje. Mtego mwingine ni uthibitisho wa hatua mbili, yaani kuingia kwa nywila pamoja na simu yako: kusajili simu kunataka uwe ndani ya mtandao wa mteja, na kuingia kwenye mtandao kunataka simu iwe imesajiliwa. Huo huvunjwa na mtu wa TEHAMA tu, kwa hiyo chukua namba yake mapema.

Mwenzako akikuonea huruma na kukupa nywila yake, mshukuru na ukatae. Kumbukumbu za mfumo zitaonyesha jina lake kwa kazi uliyofanya wewe, na kwa kawaida masharti ya usalama uliyoyatia saini yanakataza jambo hilo hilo.

Muda unaopotea kwa kusubiri lazima uandikwe siku ile ile. Barua pepe ya sentensi mbili inatosha: "Leo kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana sikuweza kuendelea na ripoti ya mauzo kwa kuwa akaunti ya hifadhidata haijafunguliwa. Muda huo nimeutumia kusoma nyaraka za mfumo." Je, muda huo unalipwa? Inategemea mkataba. Anayelipwa kwa siku kwa kawaida anaudai, kwa kuwa alikuwepo na kizuizi kilikuwa upande wa mteja. Anayelipwa kwa kazi iliyokamilika ndiye anayeumia, isipokuwa mkataba una kifungu kinachosogeza tarehe ya mwisho pale mteja anapochelewesha. Kama kifungu hicho hakipo, toa ombi la kusogeza tarehe ndani ya wiki ya kwanza, wakati kila mtu bado anakumbuka kilichotokea.

Mipaka ya kazi hukaa kwenye hadidu za rejea, yaani waraka unaoeleza kazi utakayofanya na kukabidhi. Ulizisoma kabla ya kutia saini. Zisome tena siku ya kwanza ukiwa na msimamizi, kwa sababu aliyeziandika mara nyingi si yule atakayeitumia kazi yako. Uliza nini hasa kinakabidhiwa, nani anapokea, na atajuaje kwamba kimekamilika. "Kuboresha mfumo wa malipo" haina mwisho. "Muda wa kufungua ukurasa wa malipo ushuke chini ya sekunde 3, ukipimwa na timu ya majaribio" ina mwisho. Majibu yaandike kwa barua pepe usiku huo huo, ukiomba asahihishe pasipo sawa.

Kinachovunja mipaka hiyo mara chache huwa jambo kubwa. Ni sauti ya upole: "Kwa kuwa upo, hebu tuangalizie na hii kidogo." Mtu mgeni anayetaka kupendwa hukubali, na kufikia wiki ya pili ana kazi tano ambazo hazimo kwenye hadidu. Kukataa kavu si lazima. Jibu, "Ninaweza, itachukua nusu siku. Niitoe kwenye kazi ipi?" Swali hilo linamrudishia uamuzi mwenye bajeti.

Kuhusu kuuliza: watu unaowauliza wana kazi zao, na ujio wako umewapunguzia muda. Jaribu mwenyewe kama dakika 20, kisha andika swali kwenye faili, uyapeleke yote mara mbili kwa siku. Swali linalokuzuia kabisa lisisubiri. Mambo yanayokushangaza (hatua isiyo na maana, fomu inayojazwa mara mbili) yaweke kwenye orodha yako bila kuyasema hadharani. Mengi yana sababu utakayoisikia kabla ya siku ya kumi, na yale yatakayobaki yatakuwa ushauri wenye uzito.

Kazi ya kwanza iwe ndogo, lakini ipite njia yote tangu kupokelewa hadi kuidhinishwa. Mtengeneza programu arekebishe kosa la tahajia kwenye ukurasa mmoja na kuufikisha ukurasa uliorekebishwa kwa watumiaji. Mhasibu asuluhishe akaunti moja ya benki, yaani alinganishe vitabu na taarifa ya benki. Mhariri amalize sura moja na kuirudisha. Thamani yake ni ndogo, ila itafichua ruhusa iliyosahaulika na saini usiyojua kwamba inahitajika, wakati bado hakuna anayekimbizana na tarehe.

Fedha nayo hupangwa wiki ya kwanza, hata kama ankara ni ya mwisho wa mwezi. Jisajili kama mtoa huduma wa mteja, peleka namba ya mlipa kodi na akaunti ya benki, pata namba ya oda ya manunuzi (hati ya mteja inayoidhinisha ununuzi wa huduma yako), na mjue kwa jina mtu anayeidhinisha fomu ya saa za kazi, pamoja na wa kumkaimu akisafiri. Mkataba ukisema malipo ni ndani ya siku 30 baada ya kupokea ankara, na ankara ikatoka siku ya 30, fedha inaweza kuingia siku ya 60. Ankara ikirudishwa baada ya siku 20 kwa kukosa namba ya oda, saa huanza upya na unasogea hadi siku ya 80. Dawa ni kuwapelekea wahasibu rasimu ya ankara mapema na kuwauliza kama ina kasoro.

Jambo la mwisho wengi hawalioni kabisa: mwenendo wako kazini unaweza kukufanya uhesabiwe mwajiriwa. Pendekezo Namba 198 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2006, linasema uhusiano wa ajira utambuliwe hasa kwa jinsi kazi inavyofanyika na kulipwa, hata kama mkataba umeuita jina jingine. Miongoni mwa dalili linazotaja ni kufanya kazi chini ya maelekezo na udhibiti wa mwingine, saa au mahali palipopangwa, na vifaa kutolewa na anayepewa huduma. Kila nchi ina sheria yake na mizani yake ya kodi, lakini mazoea yanayopimwa huanza kujengeka siku hizi za mwanzo. Ukianza kuomba ruhusa ya likizo kwa fomu ya wafanyakazi, au kuandika cheo cha mteja chini ya barua zako, karatasi inasema mkandarasi na mwenendo unasema mwajiriwa.

Kipindi cha kuzoea kimekwisha pale kazi moja imepokelewa na mwenye mamlaka, fomu moja ya saa imeidhinishwa, na ukikwama unajua wa kumwendea bila kuuliza. Siku ya kumi ikifika na kimojawapo bado hakijatimia, omba kikao cha dakika 30 na msimamizi, ukiwa na orodha ya vizuizi na tarehe ulizoviripoti.